Umekawia

Nilikuwa na miaka minne nilipolikataa jina langu.
"Mimi si Ghida," nilimwambia mama akinisuka,
"mimi Nasibu, wa nyumba ya miforosadi miwili."
Chini ya godoro walikuta nusu saba za mkate,
ngumu kama vigae.

Mama hakushtuka. Kwetu, milima ya Shufu,
nafsi huvua kamisi ikavaa kamisi;
mwili ni nguo, na nguo huchakaa.
Baba ndiye aliyehesabu kwa vidole,
toka mwaka wa njaa hadi kuzaliwa kwangu:
sabini na tatu.
"Na hapo katikati, alikuwa nani?"
Sikujua. Hapo katikati
ni sufuria iliyofunikwa.

Tukavuka bonde kwa gari la mjomba, natapika njia nzima.
Mforosadi mmoja umebaki, mwingine ni kisiki
wanaanikia viatu.
Bibi Hamda, miaka themanini na miwili, mtandio mweupe,
alinitazama kama mtu anayepima kitambaa sokoni.
"Watoto husema mengi. Siku ile, ulibeba nini?"

Siku ile
nzige walishapita, wameacha miti uchi kama mifupa.
Viwavi wa hariri walikufa kwenye ungo, vichwa juu,
wakingoja jani.
Mama (yule mama mwingine, mwenye chanjo kidevuni)
alifunga vifuko ishirini vya hariri, vya mwisho,
akakosa cha kufungia, akamvua mdogo wangu kitambaa chekundu.
"Nenda kwa msaga ngano. Usirudi mikono mitupu."
Darajani palikuwa na theluji.
Nilikaa kidogo tu, nipumzike.

"Kitambaa chako," nikasema. "Ulilia sana."

Hakunikumbatia, ingawa jirani husimulia hivyo.
Alinizaba kibao, chepesi,
kibao cha mdogo kwa kaka yake.
"Umekawia," akasema, akaingia jikoni.

Nilipofika miaka saba yote yalifutika.
Sasa nina thelathini na mitano, ninauza miwani Beiruti,
na sijui kama ninakumbuka
au ninakumbuka nikisimuliwa.
Kibao nakikumbuka. Na mkate aliouleta,
wa moto, umepakwa zaatari,
akakaa mbele yangu, mikono mapajani,
hakuinuka hata simu ilipolia,
mpaka nimeumaliza wote.