Mshale Usioachiwa

Saa kumi na nusu alfajiri, tochi kichwani,
Ermete anapiga goti juu ya kokoto
na kushika ncha ya uzi.
Ncha ya pili anayo Nives, mita ishirini mbele,
uzi umekazwa hadi unalia kidogo
upepo wa Apenini unapougusa.

Reli imepinda. Uzi haujui kupinda.
Kati yao pana upenyo mwembamba
kama mwezi wa siku mbili,
na katikati ya upenyo huo
Loris, mwanagenzi wa wiki ya tatu,
anasimamisha rula.
“Mia moja ishirini na tano.”

Huo ndio mshale.

Siyo wa podoni, Loris. Hauna sumu wala unyoya.
Waliolipa jina walikitazama kipande cha duara
wakaona silaha ya mwindaji:
tao ni upinde,
mstari unaofunga ncha zake mbili ni ugwe,
na kutoka katikati ya ugwe hadi katikati ya tao,
wima, pasipo kuinamia huku wala kule,
mshale umepachikwa,
haujaachiwa.
Karne ngapi sasa, na mkono haujachoka.

Kitovu cha kona hii kiko mita mia nne kushoto kwetu,
ndani ya mlima,
chini ya shamba la dengu la mama Assuntina.
Nani atauchimba mlima kwenda kuuliza duara
nusu kipenyo chake?
Tunauliza mshale.
Zidisha ugwe kwa ugwe,
gawanya kwa mshale mara nane:
mlima umejibu,
na Assuntina hajaamka.

Urefu wa penseli iliyochongwa sana, basi.
Kwa kiasi hicho tu
njia ya mkato inatofautiana na njia tunayopita.

Nives anaandika, midomo ikienda pamoja na kalamu.
Kigingi cha kumi na tano: mia na ishirini na tano.
Cha kumi na sita: mia na ishirini na moja.
Cha kumi na saba, Loris anarudia mara mbili
kama aliyesoma kosa lake mwenyewe:
mia na thelathini na tatu.
Cha kumi na nane: mia na ishirini na moja tena.

“Kijito,” anasema Ermete. Hata rula hajaitazama.
“Kinapita chini hapo. Mwaka wa themanini na moja
tuliisogeza. Imerudi.”

Mitaimbo inatoka garini.
Loris anataka kuanza na kumi na sita, kisha kumi na nane;
Nives anamshika mkono.
Mishale haiishi peke yake.
Punguza huu wa katikati kwa milimita nane,
jirani zake, kila mmoja, ataongezeka nne.
Hakuna kinachopotea katika kona:
unachomtoa huyu umewapa wenzake,
na ukijumlisha daftari zima
hesabu ni ile ile ya jana.
“Kwa hiyo tunagusa kimoja tu?”
“Kimoja tu. Na kwa adabu.”

Wanasukuma. Chuma kinaguna, kokoto zinahama,
Ermete anahesabu kwa sauti ya kanisani.
Nane.
Uzi tena, rula tena. Ishirini na tano.
Ishirini na tano. Ishirini na tano.

Ijumaa anastaafu. Anainuka kwa kujishika paja,
na mgongo unabaki nyuma kidogo, haujanyooka wote.
Anamwona Loris akiutazama, rula mkononi.
“Nilipoajiriwa,” anasema, “ulikuwa sifuri.
Sifuri ni mshale wa njia iliyonyooka.
Usinipime, nina njaa.”

Nives anakunja uzi kwenye kiwiko,
mzunguko juu ya mzunguko.
Namba aliyokuwa nayo kichwani haiandiki.

Saa moja kasoro dakika nane treni ya kwanza ikapita,
madirisha ya manjano, mtu na kahawa yake,
mwanafunzi amelala mdomo wazi.
Kwenye kigingi cha kumi na saba
hakuna aliyeinua kichwa.