Habari za Mbwa

Kila Jumapili saa moja jioni napiga simu Kilembe.
Baba hupokea kwa kikohozi, kisha kimya,
kama mtu aliyefungua mlango akasahau kumkaribisha mgeni.

Habari ya nyumbani? Nzuri.
Umekula? Nimekula.
Dawa? Zipo.
Sikuuliza kama zipo.
Tangu tumzike Mama, maneno ya Baba
ni chumvi ya mwisho koponi:
unagonga, unagonga, punje tatu.

Nilimpelekea redio. Akaifunika kwa kitambaa.
Nilimpelekea mkongojo wenye mpira chini.
Akaegemezea mlango, upepo usiupige.
Daktari wa Kasese akamwambia: tembea, mzee, nusu saa kila siku.
Baba akamtazama.
Miaka ishirini na sita nimetembea tumboni mwa mlima,
mgongo umepinda, taa kichwani,
leo unataka nitembee juani bila mshahara?

Halafu akaja mbwa.
Hakuletwa na mtu.
Alitokea upande wa Nyamwamba, siku maji yalipobeba daraja la miti,
sikio limechanika, mbavu zinahesabika,
mkia hauna uhakika.
Baba akamtupia jiwe. Likapita pembeni.
Akatupa la pili. Likapita pembeni,
na mkono ule tunaujua, haukosi.
Siku ya tatu akamtupia kichwa cha ngege.

Jina akampa Zamu.
Zamu, kama zile za mgodini,
ya asubuhi, ya mchana, ya usiku wa manane:
king'ora kikilia unaamka, upende usipende.
Naye saa kumi na moja alfajiri hasihi, hashauri,
hamtaji daktari.
Anakwaruza mlango tu,
na Baba anatafuta viatu.

Wanapanda mpaka lango la handaki, lililoliwa na kutu,
wanalitazama kidogo, wanarudi.
Mama Biira, jirani, amewahesabia:
wanapumzika mara mbili njiani,
na anayechoka si mbwa.

Kaka yangu Bwambale anacheka.
Bora angefuga mbuzi, anasema,
Krismasi tungepata cha kutafuna.

Sisemi mbwa amemponya.
Miguu bado inavimba. Presha bado inapanda
na kushuka ipendavyo, haina adabu.
Na hesabu naijua, ingawa siipigi kwa sauti:
wawili wale, mmoja atamwacha mwenzake
akikwaruza mlango usiofunguka.

Lakini siku hizi nikiuliza, Habari ya nyumbani?
habari zipo.
Zamu hakulala vizuri, baridi imemwingia magotini.
Natuma pesa ya blanketi.
Zamu hapendi vile vidonge vyeupe, vinamtia kizunguzungu.
Namjibu, basi Zamu asivitupe, amuulize kwanza daktari.
Nitamwambia, asema Baba, kwa uzito,
kama karani aliyepokea barua ya mkubwa.
Zamu jana alikaa mbele ya kiti cha mama yako.
Alikaa sana.
Bundu likapoa.
Hapo mimi ndiye ninayekohoa,
mimi ndiye punje tatu.

Jumapili iliyopita mvua ilikuwa inapiga mabati ya kule,
nikawa nasikia nusu, nikabuni nusu.
Nikasikia kucha juu ya saruji, tak, tak, tak,
na Baba akimkemea mtu kwa upole, kwa Kikonzo,
sauti aliyokuwa akitumia kutufunga vifungo vya sare za shule.
Baba huwa haagi. Hukata tu.
Safari hii hakukata.
Alipumua kwenye simu, pesa yangu ikitiririka,
kisha akasema haraka haraka,
kama anayesukumiza kitu mfukoni kabla hakijaonekana:

Zamu anauliza utakuja lini.

Zamu, ambaye hajawahi kuniona.