Noti Iliyokataa Kunyamaza

Viatu vya kinanda havikanyagi udongo.
Hilo ndilo somo la kwanza alilonipa Profesa Oltmann,
kabla ya noti, kabla ya sala:
soli nyembamba, kisigino cha mti,
uvibebe mkononi kama mkate,
uvivae ukishakaa.
Mimi binti wa mfuga nguruwe wa Iowa,
niliyezoea buti za mpira na samadi,
nikavificha ndani ya soksi ya baba
nikavuka theluji ya uwanja wa chuo
kama mwizi aliyeiba miguu.

Mwaka ule niligundua sijui kuimba.
Kwetu tulizifuata sauti nne
kama ng'ombe wafuatavyo njia ya zizini,
bila kuuliza.
Sasa naulizwa.
Kwa nini alto ameteremka hapa? Tena anakwenda wapi?
Daftari langu hurudi limevuja wino mwekundu:
besi na soprano wameandamana, hatua kwa hatua,
na hilo ni kosa,
kila sauti ina njia yake ya kwenda nyumbani.

Solveig, mwenzangu wa chumbani, anasomea uuguzi.
Usiku husikia visigino vyangu chini ya meza
vikitafuta makanyagio yasiyokuwepo.
"Unakimbilia wapi, Annika?"
Sijui. Kwenye besi.

Na Profesa, mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi,
hunikatiza palepale ninapojiona nimeiva:
"Usharika una mapafu.
Mstari ukiisha, inua mikono.
Usiposubiri watu wavute pumzi
unapiga kinanda tu."

Kwaresima ya mwaka wa pili
Bi Hulda Eilers aliteleza kwenye barafu, akavunjika nyonga,
nikatumwa kushika kinanda chake
katika kanisa lililobaki peke yake kati ya mashamba,
mabua ya mahindi ya mwaka jana yakichungulia madirishani.
Mazishi. Watu kumi na tisa,
na Marvin Abben ndani ya jeneza.

Utangulizi haujafika nusu
G ikang'ang'ania.
Niliinua kidole, ikaendelea.
Nilikipiga kibao, nikakibembeleza, nikakivuta kwa ukucha,
bomba moja huko juu likalia tu,
jembamba, kaidi,
na mchungaji akanitazama juu ya miwani.
Ningezima injini ya upepo, tuimbe kwa midomo mitupu.
Mkono ulikuwa tayari kwenye swichi
mjane alipogeuka kwenye benchi la mbele:
"Marvin naye alikuwa hivyohivyo.
Endelea, binti."

Mtu akacheka. Mwingine akapenga kamasi.
Nami nikauhamishia kila utenzi kwenye ufunguo wa G,
nikijenga juu ya ule ukaidi,
besi chini yake, alto ubavuni.
Palipogongana pakagongana,
pakauma, pakapita.
Mstari ulipoisha niliinua mikono
wakavuta pumzi, wote kumi na tisa,
na ile noti ikabaki pale katikati
kama mtu aliyeshika mlango wengine wapite.

Nilipozima injini haikukatika.
Ilishuka polepole, ikinung'unika,
kama mkulima aketipo ukingoni mwa kitanda
kuvua buti.

Makaburini barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka.
Nilisimama nyuma ya wajukuu
tukamwimbia beti moja bila kinanda,
na sikumbuki nani alianzisha.

Jumatatu, darasani,
Profesa aliinama kuangalia kisigino changu cha kushoto
akaona udongo mweusi umekauka kwenye soli.
Nikangoja anigombeze.
Akakaa kimya kiasi cha kuvuta pumzi moja ndefu,
kisha akauliza,
"Wa nani?"

Nikamtajia jina.
Akafungua kitabu.
Hakuniambia nivifute.