Kilomita Mia Tano

Mia nne tisini na saba, pale Buguruni Sheli.
Mia nne tisini na nane, nimeshusha abiria Malapa,
nikazima injini,
nikaikodolea macho ile mita
kama mtu aliyebandika maziwa jikoni.

Kitabu cha waranti, ukurasa wa nne, kinasema:
sevisi ya kwanza dukani, si kwa fundi wa mtaani,
mia tano, ukizidisha sana waranti imekufa.
Hakisemi nani alipe.

Nikapiga simu Tandika.
"Bi Mwanahawa, pikipiki yako inadai oili."
"Yangu?" Nyuma yake mafuta yanachacharika, maandazi yanageuzwa.
"Juzi ulipompeleka mchumba wako Kigamboni ilikuwa ya nani?
Hizo kilomita nimezitembea mimi?"
"Hukuzitembea, mama. Lakini umezila.
Elfu nane kila jioni, siku ya sita leo."
Akakata.

Mkataba tunao, mjumbe aliuandika kwenye karatasi ya daftari:
petroli, pancha na faini, dereva;
injini ikifa, mwenye mali.
Sasa oili ya kwanza niitafute mstari gani?
Si pancha. Si kifo.
Ni kichanga kinachosubiri chanjo,
baba anasema kadi iko kwa mama,
mama anasema iko kwa baba.

Gerezani, siku tuliyoinunua,
muuzaji alilipiga tangi kofi la mapenzi:
"Sevisi ya kwanza bure!"
Leo dirishani yupo Anjelista, kucha za bluu, kikokotoo.
"Bure ni ufundi. Oili unanunua. Chujio unanunua."
"Na kitambaa cha kufutia mikono?"
Hakucheka. Elfu thelathini na mbili.
Mfukoni nina kumi na moja,
na nane kati ya hizo ni hesabu, si zangu.

Bi Mwanahawa alifika saa saba,
unga bado umemganda viwikoni.
Tangu aitoe kwa pesa za kikoba hajawahi kuipanda.
Aliizunguka kimya,
kama aliyeitwa kutambua mzigo wake bandarini.

Fundi Mponzi akalegeza nati ya chini.
Nilidhani itatoka safi, siku sita tu!
Ikatoka nyeusi, na ndani ya weusi
vumbi la chuma linametameta.
"Injini mpya hujila kidogo," akasema.
"Pistoni na silinda hazijazoeana.
Hii ukiiacha humo, zitasagana."
Bi Mwanahawa akainamia beseni, miwani imemshuka puani.
"Na hicho kilicholika," akauliza,
"kimelika kwenye fungu la nani?"
Fundi akajifanya anatafuta spana.

Akafungua pindo la khanga.
Noti za elfu mbili mbili, laini kwa mafuta ya kupikia,
akahesabu kumi, akaniangalia.
Nikatoa zangu, na zile zisizo zangu.
Ikapungua elfu moja.
Akaitoa yeye: nauli yake ya kurudi.

"Risiti niandike jina gani?"
Sote wawili tukaangalia feni.
Nyuma yetu foleni inaguna.
Anjelista akachungulia nje,
akaandika namba ya pikipiki,
akagonga mhuri.

Alipanda upande upande, kofia ngumu juu ya mtandio,
mkono mmoja begani kwangu, mwingine umeshika kitabu.
"Polepole. Hii mpya."
Kila tuta alilihisi kabla yangu.

Mia tano na tisa, Tandika.
Akashuka, akakipangusa kiti kwa ncha ya khanga.
"Hesabu jioni kama kawaida," akasema.
Akapiga hatua mbili, akageuka.
"Utoe nauli yangu humo. Kutoka Gerezani kiasi gani?"

Ni elfu tatu.
Nikasema mbili.