Unywele wa Shaba

Ganda la kwanza: hamsini na tano, nukta moja nne.
Nalipima tena. Kalipa haina haya:
hamsini na tano, nukta moja nne.
Shaba imerefuka kama uvumi.
Kila mlio unaivuta shingo mbele kidogo,
kila msimu wa elki unaongeza unywele,
hadi siku unywele unapogusa ukuta wa chemba
na shingo, ikikosa pa kutanukia,
inaibana risasi, haitaki kuiachia,
na baruti, isiyojua subira,
inatafuta mlango mwingine.
Mlango huo ni uso wako.

Tauno ndiye aliyekuwa akiyakata.
Miaka thelathini na mmoja, Septemba kwa Septemba,
kwenye benchi la chumba cha nje cha sauna,
redio ikisoma hali ya hewa ya Kainuu.
Kipande cha chuma alikitoboa mwenyewe:
ganda linazama humo, kinachochungulia juu
kinaliwa na tupa.
"Mia moja kabla ya kahawa," alikuwa akisema,
na kahawa ilimsubiri.

Mwaka huu vidole vyake vina shughuli zao.
Vinacheza juu ya kijiko, juu ya vifungo vya shati.
Daktari kaandika jina la ugonjwa;
nimelikunja, nimelitia nyuma ya saa.
Ganda alilolikata Jumanne lina mdomo wa ngazi,
upande mmoja juu, upande mmoja chini.
Aliliinua kwenye mwanga. Akalitia mfukoni.
Hakusema kitu. Tauno si mtu wa kusema kitu,
lakini kuna kunyamaza na kunyamaza.

Basi nikaenda Kuhmo kwa Urpo, shingo upande,
kwa kuwa kununua ni kukiri.
Duka lake limeegemea la matairi,
linanuka mpira na mafuta ya bunduki.
"Hiki ni cha drili. Euro arobaini kasoro mbili.
Ncha inagonga kitako cha ganda, haikati zaidi
hata ukisinzia."
Drili, mkononi mwake! Nikakisogeza kando.
"Hiki ni cha mota. Mia nne na ishirini.
Unasukuma, kinaguna, kwisha. Sekunde tatu."
"Na sekunde zinazobaki tutazifanyia nini?"
Urpo akakuna ndevu. Hilo halikuwa na bei.

Cha tatu kilikuwa rafu ya chini, kimevaa vumbi:
kerezo la mkono, zito kama deni,
taya la kushika kitako cha ganda,
mpini wa kuzungusha,
na skrubu ndogo ya kumwambia mtu basi.
"Hili? La polepole. Huuziki siku hizi."
Nikauzungusha mpini. Kisha nikafanya jambo
ambalo Urpo hakulielewa:
nikautetemesha mkono wangu
kama mkono wa mtu ninayemjua,
nikazungusha hivyo hivyo, kwa mtetemo, kwa kukosea.
Kisu kikasafiri, kikaifikia skrubu,
kikasimama.
Nikatetemesha zaidi. Kikasimama palepale.
"Unasikia baridi?" Urpo akauliza.
"Nifungie," nikamwambia.

Sasa ni kazi ya watu wawili.
Mimi nafunga taya, nafungua taya,
napuliza vinyuzi vya shaba viingie kwenye kopo.
Yeye anazungusha. Mpini unaenda kwa mikogo,
unakwama, unaruka, unarudi njiani,
mkono unatetemeka wote hadi begani
na ganda linatoka na mdomo wa duara
kama mtoto anayetaka kuimba.
Hamsini na nne, nukta nane.
Hamsini na nne, nukta nane.
Namsomea namba kwa sauti, kila moja,
naye anaitikia kwa kidevu.

Mia moja hatukufika. Tulifika thelathini na saba
na kahawa ilikuwa imechemka mara mbili.
La Jumanne bado liko mfukoni mwake,
linagongana na funguo anapoinuka.
Mlangoni akageuka, akalitazama kerezo jipya
kwa jicho la fundi aliyeletewa mwanafunzi.
"Linakwaruza," akasema. "Kesho litie mafuta."