Vichochoro vya Kinywa

Miaka ishirini na tisa nimeketi Chake Chake,
kioo cha kukuzia kimeniota jichoni,
nasafisha meno ya magurudumu
ya saa za watu. Meno hayo nayajua.
Vumbi halilali juu ya jino,
hulala kati ya jino na jino;
huko ndiko saa huanzia kuchelewa.

Ya mke wangu sikuyajua.

Mize alikuwa akitema, kisha anamwaga kata ya maji
haraka, kabla sijafika karoni.
Siku moja ndoo ilikuwa tupu.
Nikaona rangi ya waridi juu ya saruji.
"Ni tambuu," akasema.
Na tambuu hatafuni tangu afiwe na mamake.

Akatafuna karafuu. Msimu ule zilijaa,
zimeanikwa mpaka ukingoni mwa barabara ya Wawi,
chumba chetu kikanukia kama sanduku la bibi harusi.
Lakini karafuu hutuliza tu, haifagii.

Daktari wa meno, kijana wa Shaame Faki wa Ole,
alimpa kioo mkononi, akamwonesha:
"Bibi, wewe unafagia ukumbi kila siku,
na ukumbi unang'aa. Vichochoro je?
Na hapa, ufizi unapokutana na jino,
pana kizingiti. Uchafu umekaa kizingitini
unangoja mlango ulegee."

Nikarudi na maneno hayo, nikafunga duka saa sita mchana.

Nilianza na mshipi wa kuvulia, ule mwembamba kabisa.
Ukanichana kidole.
Nikajaribu usumba; ukakwaruza kama paka aliyefungiwa.
Nikaponda mzizi wa msuwaki wa asili, ule wa mti,
ukalainika vizuri, ukanukia vizuri,
ila ulipofika uchochoroni ukajikunja, ukarudi nyuma
kama mgeni aliyesikia mbwa.

Basi nikanunua misuwaki sita ya dukani,
nikaikata nywele chini ya kioo changu:
mstari wa kati mfupi, ya pembeni mirefu,
ncha nikazisugua kwenye jiwe la kunolea
mpaka zikawa nyembamba kama kope za mtoto.
Shingo nikaipasha juu ya kibatari, nikaiinamisha
kidogo, kama mtu anayechungulia kwa jirani.
Nikapaka kitana uji wa muhogo, nikauacha ukauke,
nikakipigisha kitana msuwaki mpaka alfajiri.

Wa kwanza ulimwaga nywele; Mize akameza moja,
akakohoa, akaniita jina ambalo siliandiki.
Wa pili ulikuwa mpana, haukupita nyuma ya gego.
Wa tatu akausogeza polepole, akanyamaza,
akautoa, akautazama, akaurudisha.
"Huu," akasema, povu mdomoni,
"huu unapiga hodi."

Siku ya kumi na nane kata ilibaki ndooni.
Alitema mbele yangu, macho yake usoni kwangu.
Nyeupe.

Jino la pembe si dawa ya pengo, husema watu,
nami nikajiona bingwa, nimeliwahi pengo njiani.
Nikampelekea daktari mmoja auone,
nikamwekea binamu yangu wa Wete mwingine,
na kwa sherehe tu nikajitengenezea wangu,
mpini mwekundu.

Asubuhi nikasimama karoni,
nikauegemeza kwenye kizingiti cha ufizi wangu mimi,
nikasugua kwa kiburi cha fundi,
uchochoro kwa uchochoro, bila haraka.

Nikatema.

Mize alikuwa mlangoni, ameshika kata ya maji.
"Ni tambuu?" akauliza.