Mlango Bado Haujakauka

Kililetwa na boti ya saa tano, kimefungwa kamba ya katani,
wachukuzi wa Malindi wakikisukuma kwa ncha ya kiatu,
maana walishajua ni cha nini.
Dokta Eliufoo akatia sahihi. Kizimba.
Mimi neno hilo nililijua la mahakamani:
ndugu yangu Pandu alisimamishwa humo kwa gunia la karafuu,
na akatoka, kwa sababu palikuwa na hakimu.

Mbwa anaitwa Tosti. Rangi ya mkate ulioungua upande mmoja.

Wiki za mwanzo, sisemi uongo, kizimba kilikuwa na heri.
Dokta alikitandika kanga kuukuu, akauacha mlango wazi,
akarusha vipande vya ini, kimoja ndani, kimoja ndani zaidi,
mpaka mnyama akaingia mwenyewe kama mgeni aliyekaribishwa.
Radi za masika zikipasuka juu ya Mbweni,
Tosti huko huko, mkia umefunika pua.
Na siku ya kuvushwa Dar kuchomwa sindano
alilala bahari nzima. Wanadamu ndio waliotapika.

Halafu zamu za hospitali zikarefuka
na mlango ukajifunza kufungwa.
Kwanza masaa mawili, kwa sababu ya kochi.
Kisha masaa sita, kwa sababu ya kiatu.
Kisha alfajiri hadi isha, kwa sababu ya mazoea tu.
Bakuli la maji limepinduka tangu asubuhi,
mkojo umetuama kwenye sinia la plastiki,
na yeye, mwenye haya kuliko watu wengi ninaowajua,
amesimama kwa ncha za kucha asiukanyage.
Jino la kushoto kalivunja kwenye waya.
Dokta akirudi: "Mbona mtulivu siku hizi!"
Utulivu, dokta?
Hata kisima kilichomeza mtoto hutulia.

Mjomba wangu Ussi, msasi wa Muyuni,
mbwa wake sita walilala uani
ndani ya tenga la samaki lililolazwa ubavu.
Hakuwashika bila haja. Akiguswa na udenda,
mara saba, moja ya udongo, bila kununa.
Lakini hakupata kuwafungia ati kwa kuwa yeye ana shughuli.
Tenga halina mlango: wakiingia wameingia, wakitoka wametoka,
na usiku wa kipupwe ungezikuta pua sita
zimepangwa mdomoni mwa tenga kama zambarau.

Nilisema. Sikukaa kimya.
Dokta akanambia kitabuni imeandikwa mbwa hupenda pango.
Nikamjibu, pango nalijua, kwetu mapango ndiyo majirani;
sijaona lililotiwa komeo kwa nje.
Akacheka. Akaenda zamu.

Jana, saa nane mchana, umeme umekatika, feni imekufa,
nikasikia kucha, kwa, kwa, kwa,
halafu nisizisikie.
Kule kutozisikia ndiko kulikoninyanyua.
Nikaenda na bisibisi ya cherehani.
Skrubu nne. Moja ina kutu, ikanikata kidole.
Tosti hakutoka mbio. Alitoka kwa kutazama,
hatua, nyingine, kama anayevuka ua wa watu,
akanilamba pale pale penye damu,
nami sikuuvuta mkono.

Baadaye nikauosha: mara saba, moja ya udongo wa chini ya mpera.
Nikaosha sinia. Nikaosha kanga.
Mlango nao nikauosha mara saba,
kwa jinsi nilivyouona una najisi kuliko mbwa.

Usiku dokta karudi na tochi ya simu.
Tosti yumo kizimbani, kalala chali, miguu yote imeachia,
na hakuna aliyemtia.
Dokta akapapasa mahali pa bawaba, taratibu,
kama ulimi unaotafuta jino lililong'oka.
"Mize, mlango uko wapi?"

Uko uani, dokta. Nimeuosha.
Bado haujakauka.